Serikali Haikutibu Peke Yake

Mgonjwa anayelazwa katika jengo la Sewa Haji pale Muhimbili, Dar es Salaam, analala chini ya jina la mfanyabiashara. Sewa Haji Paroo alikuwa Mwismailia wa Bagamoyo, mwenye asili ya Uhindini, aliyetajirika kwa biashara ya misafara. Aliwapa wasafiri wa bara vitambaa, shanga, mikopo na wapagazi, na Henry Morton Stanley alikuwa mmoja wa wateja wake. Katika miaka ya 1890, Wajerumani wakiwa ndio kwanza wanaujenga mji wao mkuu, alitoa fedha ijengwe hospitali ya kuwatibu Waafrika na Wahindi. Alifariki mwaka 1897. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikafungua hospitali yake ya Ocean Road, penye upepo wa bahari, kwa ajili ya Wazungu.

Ndivyo ilivyoanza. Pesa ya serikali iliwatibu watawala, na Mwafrika wa mjini akatibiwa kwa sadaka ya tajiri mmoja. Hospitali ya Sewa Haji iliendelea kubeba mzigo wa wakazi wa Dar es Salaam mpaka Waingereza walipofungua Hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ile ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili.

Ninaanza na Sewa Haji kwa sababu kila mjadala wa bima ya afya kwa wote unapozuka nchini kwetu, watoa huduma binafsi husemwa kama wageni waliobisha hodi jana. Hawa wanawaita wachuuzi wa maradhi, wale wanawaita wakombozi. Lakini walikuwapo kabla ya Wizara ya Afya kuwapo, na kila serikali iliyoitawala nchi hii imelazimika kuamua itaishi nao vipi. Maamuzi hayo, yaliyo mema na yaliyo mabaya, ndiyo yaliyoamua nani apone na nani afie njiani.

Huko bara kazi ilifanywa na misheni. Magila karibu na Muheza, Masasi, Ndanda, Peramiho, Machame: ramani ya hospitali kongwe za Tanganyika ni ramani ya makanisa. Wamisionari walikuwa na lengo lao na hawakulificha, maana aliyekuja kufungwa kidonda alisikia na mahubiri. Hata hivyo walikwenda ambako serikali haikwenda, na wakabaki huko hata mishahara ilipokosekana.

Mwaka 1935 alifika Masasi daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling, akapelekwa Lulindi na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Huko alifanya upasuaji katika majengo ya udongo yaliyoezekwa nyasi, na akawafundisha uuguzi vijana wa kusini, waliokuja kuwa nguzo ya kazi hiyo. Baadaye akahamia Mnero kwa Wabenediktini, kisha Kibosho chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, na nchi ilipopata uhuru akabaki kuwa raia wake. Msomaji asilisahau jina hili.

Waingereza nao hawakuwa na haraka. Walianzisha zahanati ndogo chini ya tawala za wenyeji, zikiendeshwa na madresa waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, na wakawapa wamisionari ruzuku ili wasilazimike wao kujenga. Kufikia uhuru, karibu nusu ya vitanda vya hospitali nchini vilikuwa mikononi mwa mashirika ya dini. Mwalimu Nyerere alikumbusha mara nyingi kwamba nchi iliingia kwenye uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Serikali changa haikuwa na uwezo wa kumfukuza yeyote aliyejua kushika kisu cha upasuaji.

Mwaka 1964 jopo lililoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa London lilitoa ripoti kuhusu huduma za afya za Tanganyika. Ushauri wake mkuu ulikuwa kwamba nchi isikimbilie kujenga hospitali kubwa. Ijenge vituo vya afya vijijini, iweke kinga mbele ya tiba, iwasomeshe waganga wasaidizi wengi kuliko mabingwa wachache. Ushauri huo ulipata nguvu baada ya Azimio la Arusha la 1967, na zaidi baada ya mkutano mkuu wa TANU wa 1971, ulioelekeza fedha za afya ziende vijijini. Nchi iliyoanza na vituo vya afya 22 ikawa na zaidi ya 200 ilipofika mwaka 1980, na zahanati zikaongezeka kutoka chini ya 1,000 hadi kupita 2,000. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio, kisha vikachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Yeyote anayeandika historia ya afya ya nchi hii na asione fahari katika kazi hiyo, hajaielewa.

Katika miaka hiyohiyo ulizaliwa mpango ambao kwa maoni yangu ndio wenye busara kuliko yote tuliyowahi kubuni katika jambo hili. Wilaya nyingi hazikuwa na hospitali ya serikali, lakini ya misheni ilikuwapo. Kujenga ya pili ng'ambo ya barabara kungekuwa kutupa fedha. Serikali ikaingia mkataba na kanisa. Hospitali iliyopo ikateuliwa kuwa hospitali ya wilaya, serikali ikalipa mishahara na ruzuku ya vitanda, na kanisa likabaki kuwa mmiliki na msimamizi. Ndizo hospitali teule. Ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa mojawapo. Nyingine zilikuwa Sengerema, Rubya wilayani Muleba, na Muheza, ambako watu wamezoea kusema wanakwenda Teule na kila mtu anaelewa.

Mpango huu haukuwa bila migongano. Maaskofu Wakatoliki walijenga hospitali kubwa ya rufaa Bugando, Mwanza, ikafunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata serikali ikaitaifisha. Ilichukua miaka 13 kabla ya kuirudisha kwa kanisa, mwaka 1985, kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja. Hospitali ile ilikuwa ikihudumia Kanda ya Ziwa nzima, na katika miaka hiyo yote haikuhama hata hatua moja. Kilichobadilika ni nani anayesaini hundi, na serikali ilipoona kwamba kusaini peke yake ni kuzito, ilirudi mezani.

Kisha ukaja mwaka 1977.

Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Hospitali Binafsi. Maana yake ilikuwa nyepesi kueleza: hakuna mtu binafsi atakayeendesha hospitali au kliniki kwa ajili ya faida. Ni mashirika yaliyoidhinishwa tu, hasa ya dini, yaliyoruhusiwa kuendelea, na ada zao zikawekwa chini ya mamlaka ya waziri. Madaktari waliokuwa na kliniki zao mjini walifunga milango. Wengine walihama nchi.

Na waziri wa afya wakati huo alikuwa Leader Stirling, yuleyule wa Lulindi, aliyeshika wizara kuanzia 1975 hadi 1980. Ni rahisi kuona kwa nini mtu aliyetumia miaka 30 na ushei kuwatibu maskini bila kutafuta utajiri angeweza kuisimamia sheria kama hiyo bila kusita. Hoja yake ilikuwa na haki ndani yake, na bado inayo. Daktari alisomeshwa kwa jasho la mkulima wa pamba wa Shinyanga na wa korosho wa Newala. Akihitimu, akifungua kliniki Dar es Salaam kwa ajili ya wenye pesa, mkulima yule alikuwa amemsomeshea tajiri daktari wake. Ujamaa uliapa kuuvunja mzunguko huo, na walioapa walimaanisha.

Lakini sheria haikuuliza swali la pili: serikali itaweza kuziba pengo lililobaki? Jibu lilikuja upesi na lilikuwa chungu. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kushuka kwa bei ya mazao yetu na uhaba wa fedha za kigeni vilikausha bohari za dawa. Zahanati zilizojengwa kwa nguvu za wanavijiji zilibaki na kuta. Kuanzia 1983, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, dawa muhimu zilianza kupelekwa vijijini katika maboksi yaliyofungwa tayari, na maboksi hayo yaliokoa maisha ya wengi. Lakini mara nyingi yaliyomo yaliisha kabla ya mwezi kwisha. Mgonjwa wa mjini alijua kwamba kwenda hospitali ni kwenda na sindano yake, na glovu zake kama ni mjamzito. Wenye kujiweza kidogo walisafiri kuifuata hospitali ya misheni, kwa sababu ilikuwa na wafadhili Ujerumani, Uswisi au Norwei, na dirisha lake la dawa halikuwa tupu.

Mshahara wa daktari nao ulipoteza thamani. Wapo waliokwenda nchi za kusini mwa Afrika kutafuta maisha. Wapo waliobaki na kuwatibu watu jioni majumbani mwao, kwa malipo ambayo hayakuandikwa popote. Huo ndio ukweli ambao watetezi wa sheria ya 1977 hawakutaka kuusikia: malipo hayakukoma. Yaliendelea pasipo leseni, pasipo stakabadhi, pasipo mkaguzi, na aliyeumizwa hakuwa na pa kulalamika.

Katika mazingira hayo Profesa Hubert Kairuki, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, alianzisha pamoja na mkewe hospitali huko Mikocheni mwaka 1987. Ilijulikana kama Mission Mikocheni. Miaka hiyo mtu hakuweza kufungua hospitali kwa jina lake na kwa faida yake, ilibidi asimame chini ya mwavuli wa shirika. Miaka kumi baadaye hospitali hiyo ilizaa chuo kikuu cha tiba, wakati ambapo nchi ilikuwa ikitegemea Muhimbili karibu peke yake kwa kusomesha madaktari. KCMC nayo, hospitali ya rufaa ya Shirika la Msamaria Mwema iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ilianzisha chuo chake mwaka huohuo wa 1997, na Bugando ikafuata mwaka 2003. Daktari kijana anayempokea mgonjwa leo katika kituo cha afya cha serikali, Tunduru au Kibondo, huenda alisomeshwa katika mojawapo ya vyuo hivyo visivyo vya serikali.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1991. Rais aliyekuwa madarakani, Ali Hassan Mwinyi, alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Afya, kuanzia 1972 hadi 1975, katika miaka ya matumaini makubwa. Sheria ya 1977 ilirekebishwa, na madaktari wenye sifa wakaruhusiwa kumiliki na kuendesha vituo vyao. Mwaka huohuo lilipitishwa Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya uongozi yaliyotokana na Azimio la Arusha. Mwaka 1992 makanisa na serikali waliwekeana makubaliano mapya, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, ikaundwa ili Wakatoliki na Waprotestanti wazungumze na wizara kwa sauti moja. Mwaka 1993 hospitali za serikali zenyewe zilianza kutoza ada, utaratibu ulioitwa uchangiaji. Mwaka 1994 wenye hospitali binafsi wakaunda chama chao, APHFTA. Ndani ya miaka mitatu, ahadi ya matibabu ya bure iliyodumu tangu Azimio la Arusha ilikuwa imebadilika kabisa.

Mjini mabadiliko yalionekana haraka. Manzese, Temeke, Mwanza, Arusha, zahanati binafsi zilichipuka kando ya kila stendi. Nyingi zilikuwa na daktari mmoja, darubini moja na kitanda cha kupumzikia, na ziliwahudumia watu usiku, wakati ule ambao kituo cha serikali kimefungwa. Wafanyakazi wa viwandani na wamachinga walizipenda kwa sababu hawakupoteza siku nzima kwenye foleni. Kijijini hali haikuwa hivyo. Mtaji hufuata pesa, na Liwale hakukuwa na pesa za kufuata. Huko mtoa huduma binafsi aliyefika ni duka la dawa baridi.

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana wanaoandika sera za afya huliruka duka hili ilhali mama wa kijijini huanza nalo. Mtoto anapopata homa usiku, hatua ya kwanza ni dukani. Kwa leseni, duka la dawa baridi liliruhusiwa kuuza dawa za maumivu na vitu vidogovidogo. Kwa vitendo liliuza antibayotiki, dawa za malaria za nusu dozi, na hata kuchoma sindano, likiendeshwa na mtu ambaye pengine alifundishwa na shangazi yake. Serikali ilikuwa na njia mbili: kuwafukuza wauzaji, wakaendelea kwa kujificha, au kuwafundisha. Mwaka 2003, katika mkoa wa Ruvuma, Mamlaka ya Chakula na Dawa ilijaribu njia ya pili. Wauzaji walipewa mafunzo ya wiki kadhaa, maduka yakakaguliwa na kupakwa nembo, yakaitwa Maduka ya Dawa Muhimu, na yakaruhusiwa kisheria kuuza dawa fulani za cheti ambazo kabla yake waliziuza kwa woga. Mpango ulisambaa mikoa yote ya Bara, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukakubali baadhi ya maduka hayo yawahudumie wanachama wake. Hakuna jengo kubwa lililozinduliwa kwa utepe, na labda ndiyo sababu hatuutaji mpango huo. Kwangu mimi, Ruvuma ya 2003 ilikuwa hatua kubwa kuelekea afya kwa wote kuliko hotuba nyingi zilizotangulia.

Funzo jingine lilitoka kwenye vyandarua. Kuanzia 2004 mama mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa Hati Punguzo. Alikwenda nayo duka la mtaani, akaongeza fedha kidogo, akachukua chandarua, na mwenye duka akalipwa thamani ya hati. Wafanyabiashara walivifikisha vyandarua katika vijiji ambavyo lori la serikali lilivifikia kwa nadra, na kiwanda cha vyandarua cha Arusha kikapata soko. Lakini yule aliyekosa ile fedha kidogo ya kuongezea alirudi na hati yake nyumbani. Ilibidi serikali igawe vyandarua bure, nyumba kwa nyumba, kati ya 2009 na 2011, ili waliobaki wapate. Soko lilifika mbali kuliko tulivyotarajia. Halikumfikia asiye na kitu, na halitamfikia kamwe bila mtu mwingine kumlipia.

Kumlipia asiye na uwezo ndiko kulikokuwa na ugumu tangu uchangiaji uanze. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilikuwa imeanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya ichange mara moja kwa mwaka, itibiwe mwaka mzima. Sheria ya mfuko huo ilipatikana mwaka 2001. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya 1999, ulianza kazi kwa watumishi wa serikali, kwa makato ya asilimia 6 ya mshahara, nusu mtumishi na nusu mwajiri. Tofauti ya mifuko hii miwili ilikuwa tofauti ya raia wawili. Mwenye kadi ya NHIF aliweza kuingia hospitali ya serikali, ya kanisa au ya mtu binafsi, na dirisha la bima lilimpokea. Mkulima mwenye kadi ya mfuko wa jamii alifungwa kwenye zahanati yake, na dawa zikiisha hapo, kadi ilikuwa karatasi. Hata mwaka 2018 mfuko huo ulipoboreshwa na mchango kuwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, mafao yalisimama kwenye vituo vya umma na ngazi ya mkoa.

Kwa hospitali binafsi za mjini, NHIF ikawa mteja mkuu, na utegemezi huo ulileta mazuri na maovu. Mwalimu wa shule ya msingi aliweza kufanyiwa upasuaji katika hospitali ambayo bila kadi angeipita akiitazama. Papo hapo zikazuka fomu za madai zilizojazwa vipimo ambavyo havikufanyika na dawa ambazo hazikutolewa, katika vituo vya kila aina, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikaonyesha mfuko ukitumia zaidi ya unachokusanya.

Hospitali teule nazo zilipita kipindi kigumu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliotangazwa mwaka 2007, ulitaka zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata na hospitali kila wilaya. Lengo lilikuwa jema. Lakini serikali ilipoajiri kwa wingi na kupandisha mishahara, wauguzi na matabibu wa hospitali za misheni waliandika barua za kuacha kazi na kuhamia upande wa pili. Ruzuku za vitanda zilichelewa. Kuanzia 2018 serikali ilianza kujenga hospitali mpya 67 za halmashauri, kila moja kwa kuanzia shilingi bilioni 1.5, na miongoni mwa wilaya zilizopata majengo mapya ziko zilizokuwa na hospitali teule kwa miongo mingi. Kila mbunge anapenda jiwe la msingi. Ila fedha iliyojenga kuta mpya mahali penye kuta tayari ingeweza kuwalipia maskini wa wilaya nzima matibabu katika hospitali iliyopo, pengine kwa miaka. Narudia: mkataba wa hospitali teule ulikuwa kitu chema, na tuliuacha udhoofike bila kuujadili hadharani.

Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Waliokuwa na bima ya afya ya aina yoyote wakati huo walikuwa takriban asilimia 15. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifika bungeni mwaka huo, ukakwama, hasa kwa swali la fedha za kuwagharamia wasio na uwezo. Machi 2023 NHIF ilisitisha Toto Afya Kadi, iliyowawezesha wazazi kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, kwa maelezo kwamba wengi walikuwa wakiandikisha watoto waliokwisha kuugua. Hesabu hiyo ilikuwa ya kweli, na bado uamuzi ule uliwaumiza wazazi waliokuwa wamefanya hasa kile serikali ilichowaomba wafanye. Novemba 2023 Bunge likapitisha muswada, na Rais Samia Suluhu Hassan akausaini kuwa sheria. Kwa mara ya kwanza bima ikawa ya lazima kwa kila mkazi wa Tanzania Bara, na ukaanzishwa mfuko wa wasio na uwezo, utakaopata fedha kutoka vyanzo kama ushuru wa vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

Wino haujakauka, ugomvi ukazuka. NHIF ilitangaza kitita kipya cha mafao chenye bei mpya, kianze tarehe 1 Machi 2024. Wenye hospitali binafsi walisema bei hizo haziwezi kurudisha hata gharama zao. Mfuko ukasema bei za zamani zilikuwa zimevimba. Tarehe hiyo ilipofika, hospitali kadhaa binafsi zilifunga dirisha la bima. Wanachama waliokuwa wamekatwa mishahara yao kila mwezi kwa miaka walitakiwa walipe taslimu au waende kwingine, na serikali ikawaelekeza kwenye vituo vya umma na vya mashirika ya dini. Baada ya mazungumzo huduma zikarejea.

Siku zile chache zilionyesha mambo mawili ambayo sheria haiwezi kuyakwepa. Hospitali binafsi zimekwisha kuwa sehemu ya mwili wa huduma za nchi hii, zikisimama wagonjwa wanaanguka. Na bei ikitangazwa na mlipaji mwenyewe, mtoa huduma hana pa kukata rufaa isipokuwa kumfungia mgonjwa mlango. Sikubaliani hata kidogo na kumtumia mgonjwa kama silaha ya kudai bei, na leseni ya hospitali ingepaswa kulikataza jambo hilo waziwazi. Lakini katazo hilo litakuwa la haki pale tu madai yatakapolipwa kwa wakati, na bei ikapangwa na chombo kisicho mlipaji wala mlipwaji, kwa hesabu za gharama zilizowekwa mezani na pande zote. Hospitali inayotaka fedha za umma ikubali umma uzione hesabu zake.

Jambo linalobaki ni lilelile la Igunga na la Hati Punguzo. Mwenye mshahara atapata kadi, na mwenye kadi atapata hospitali, ya serikali au ya binafsi. Kwa yule wa Liwale asiye na mshahara, sheria imeandika kwamba mfuko wa wasio na uwezo utamlipia. Mfuko huo hupata fedha kwa bajeti inayopitishwa na Bunge. Basi, msomaji, mbunge wako akija kuomba kura au kuzindua jengo, muulize mambo matatu: mwaka huu zimeingia shilingi ngapi katika mfuko huo, kaya ngapi za jimboni mwenu zimeandikishwa, na hospitali ya kanisa au zahanati ya binafsi iliyo karibu nanyi imeingia mkataba wa kuzitibu au bado. Muulize mbele ya watu, na adai majibu hayo bungeni kabla bajeti haijapita.